Tunzeni Marando ya Viazi Kabla ya Kiangazi

Mvua za kwanza zinyeshapo katika nchi za Mwanza na Shinyanga, yapata mwezi wa Oktoba au Novemba, huonekana jambo la kusikitisha. Mtu ana shamba, ana jembe, ana nguvu, na matuta amekwisha kuyainua; lakini hana cha kupanda. Marando yake ya viazi vitamu yamekufa kwa jua. Basi huzunguka kwa majirani akiomba, au hungoja mpaka viazi vilivyosahauliwa ardhini vichipue. Kwa kungoja hivyo hupitwa na wiki nyingi za mvua, mavuno yake huwa haba, na michembe na matobolwa ya kuwalisha watoto hupungua. Kwa ajili hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za marando.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini twapanda shina wala hatupandi punje. Kiazi hutoa maua, na pengine mbegu, lakini mche utokao katika punje haufanani na mama yake. Rando ni mama mwenyewe. Tazameni mahali jani liliposhika shina: pana kifundo, na katika kifundo hicho mna chanzo cha mizizi kinachongoja unyevu tu. Ndiyo sababu kipande kilichokatwa hushika upesi. Lakini kama rando lichukuavyo wema wa mama, ndivyo lichukuavyo na ugonjwa wake. Uko ugonjwa wa virusi uyafanyao majani kuwa madogo, yaliyokunjamana, yenye rangi ya manjano. Huenezwa na inzi weupe na vidukari, tena huenezwa na mkono wa mkulima achukuaye marando bila kuchagua. Shina lenye dalili hizo ling'olewe, wala asipewe mtu.

Sasa twaeleza jinsi ya kuhifadhi. Mwenye maji karibu, kando ya kisima au bondeni, na alime kitalu kidogo, akizungushie miiba ili mbuzi wasiingie, na kukimwagilia kiangazi chote. Asiye na maji ya kutosha, wakati wa kuvuna achague viazi vidogo vizima, visivyo na jeraha wala tundu la fukusi. Achukue beseni au chungu, atie mchanga mkavu uliopoa, apange viazi visigusane, afunike kwa mchanga, apange tena. Kisha akiweke chombo hicho ndani ya nyumba. Kila mwezi avitazame na kuondoa vilivyooza. Zikibaki wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, avipande katika kitalu chenye ua na kuvimwagilia. Mvua ikija, marando yatakuwa tayari.

Siku ya kukata, tumieni kisu kikali. Chukueni upande wa ncha, urefu wa sentimeta 30 hivi, kwa maana shina la chini limezeeka, na fukusi hupenda kutaga humo. Ondoeni majani ya chini, mkayaweke marando kivulini katika gunia bichi siku moja au mbili. Kisha pandeni juu ya tuta, mkifukia theluthi mbili za rando ili vifundo kadhaa vipate udongo, na kuacha sentimeta 30 kati ya rando na rando.

Walimu twawaomba wafanye kitalu kimoja katika bustani ya shule, ili watoto wajifunze kwa macho na kupeleka habari nyumbani. Na wazee wa vijiji na watangulie kuonyesha mfano, kwani kitalu cha mmoja chaweza kuwaokoa majirani wengi. Wahenga walisema, akiba haiozi. Na akiba ya mkulima wa viazi ni marando mabichi katika mwezi wa Septemba.