Sauti Tatu Zilizosikika kama Umati

Mkiambiwa kwamba watu watatu waliimba hata wakasikika kama kwaya kubwa mno, mtasadiki? Basi ndivyo ulivyo "Bohemian Rhapsody", wimbo wa kundi la Queen la Uingereza, uliotoka katika santuri tarehe 31 Oktoba 1975.

Mtungaji wake alikuwa mzaliwa wa Unguja. Ndiye Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Piano alijifunza shuleni India. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa yake ilihamia Uingereza. Huko akajulikana kwa jina la Freddie Mercury.

Wimbo huu hauna kiitikio. Huanza kwa sauti tupu, hufuata piano, halafu gitaa. Kisha huja majibizano kama ya mchezo wa kuimbwa wa Kiitaliano, ndipo kishindo cha roki, na mwisho hutulia. Majibizano yale waliyaimba Freddie, Brian May na Roger Taylor kwa majuma yapata matatu, wakirekodi sauti juu ya sauti, hata ukanda ukaanza kuchakaa. Wanakwaya wa Kibeta mnaochoka kurudia ubeti mara ya tatu, sikieni hayo!

Wakaambiwa kwamba dakika 6 ni nyingi, redio hazitaupiga. Wakakataa kuukata. Mtangazaji Kenny Everett wa London akaupiga mara 14 katika siku mbili tu, nao ukashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma 9.

Liko jambo jingine linalotugusa sisi watu wa Kagera. Tarehe 23 Novemba 1991 Freddie alitangaza kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafariki, akiwa na miaka 45. Desemba hiyo wimbo ukatolewa tena, ukawa tena wa kwanza, na mapato yakapewa shirika la Terrence Higgins Trust linalosaidia wenye ugonjwa huo.

Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani mwetu mwaka 1983. Twazijua nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu. Twawajua pia waliokufa kimya kwa kuogopa ulimi wa jirani. Siku hizi dawa zipo: anayezimeza kila siku hulima migomba yake na kulea wanawe.

Basi jirani akikufunulia ugonjwa wake, usimkatize. Msikilize hadi mwisho, kisha umsindikize zahanati.