Kitabu Kizuri Hakilali Nyumba Moja

Ukimtajia mtu wa pwani jina la Kisii, mara moja atakutajia ndizi, kisha mvua, na labda zile sanamu za mawe ya Tabaka wanazouziwa watalii mjini Mombasa. Vitabu hatavitaja. Nami leo, ndugu msomaji, nataka kukutajia vitabu, kwa kuwa katika mji ule wa vilima nimekuta desturi ambayo sisi wa pwani tulikuwa nayo na sasa twaiacha ife.

Kisii ina Waislamu wake tangu mwanzo wa karne iliyopita. Wazee wa Kinubi walifika na jeshi la Mwingereza, nao wafanyabiashara wa Kiarabu, Kihindi na Kisomali wakafungua maduka. Kiswahili kimekaa pale miaka mingi, kikawa jirani wa Ekegusii, lugha ambayo ni nduguye wa damu. Mtu kwao ni omonto, maji ni amache, na kitabu ni egetabu.

Katika baraza ya duka moja la vitambaa, baada ya sala ya Alasiri, hukutana watu watano au sita, Waislamu na Wakristo pamoja. Kila mmoja huja na kitabu alichokimaliza. Masharti yao ni matatu tu: usikisifu kitabu usichokimaliza, useme kinamfaa nani na hakimfai nani, na ukikisifu uwe tayari kukiazimisha. Mwenye duka ana daftari ya kuandikia nani amechukua nini na siku gani. Maktaba ya taifa ina tawi mjini humo, na wao huenda. Lakini rafu haisemi na mtu. Msomaji ndiye amwonyeshaye msomaji mwenziwe njia.

SAFARI ZA KWELI NA ZA KUBUNI

Siku niliyokaribishwa, zamu ilikuwa ya vitabu vya safari. Mwalimu mmoja mstaafu alianza na Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Humo Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga aliyefiwa na mama yake, anafunga safari mpaka Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Mwalimu alisema wanafunzi wake ambao hawajapata kuiona bahari waliijua Tanga kwa kitabu hicho. Kijana mmoja akampinga waziwazi: "Mwalimu, mimi nilikisoma kwa ajili ya mtihani, na siku ya mtihani nilipotoka nilikitupa." Mzee hakukasirika. Alimwambia, "Basi kichukue tena, mwanangu, ukisome bila maswali." Na jina la kijana likaandikwa katika daftari.

Ilipofika zamu yangu niliwatajia Safari za Wasuaheli, masimulizi ya wenyewe Waswahili yaliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901. Humo yumo Salim bin Abakari, Mngazija, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896, akaisimulia nchi ya baridi kwa Kiswahili cha watu waliozaliwa juani. Kisha nikawatajia Ibn Batuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akielekea Kilwa. Nilipowaambia kuwa aliandika juu ya watu wa Mombasa kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, baraza nzima ilicheka. "Kumbe ninyi ni Wakisii waliokaa karibu na bahari!" akasema mwenye duka.

Kwa upande wa safari za kubuni nilichagua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Ndugu watatu wanasafiri kwa biashara, Adili anaingia mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na husuda ya nduguze inamtupa baharini. Nilisema kinamfaa kila mwenye ndugu. Hakimfai asiyevumilia majini.

Hapo mzee mmoja wa msikitini aliuliza swali ambalo nimelisikia Lamu na Unguja pia: "Ustadh, habari za mtu ambaye hakuwako si uongo?"

Swali hili si la kupuuzwa. Nilimjibu kwa yale niliyoyapata chuoni na baadaye. Neno la kwanza kumshukia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ni amri ya kusoma, na Qur'ani yatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Wanavyuoni wetu waliusoma mfano wakijua kuwa ni mfano. Kalila wa Dimna, ambamo wanyama wanasema, iliingia Kiarabu katika karne ya nane kwa kalamu ya Ibn al-Muqaffa. Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alimbuni Abu Zaid, mjanja azungukaye mji hadi mji, na Maqamat zake zikawa somo la lugha kwa vizazi na vizazi. Mwongo ni yule akutakaye uamini lisilokuwako. Mtunzi anakuita uone lililomo ndani yako. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Adili na Nduguze imo katika mkoba wangu.

DENI LETU WA PWANI

Ndipo mwalimu akaniuliza: "Mzee, nanyi huko kwenu mnavisoma vitabu vya huku bara?" Yeye alikuwa akikisifu Nguu za Jadi cha Clara Momanyi, na jina Momanyi kila Mkisii analijua. Nilimwambia kweli: shuleni kwetu kinasomwa, kwa kuwa kimewekwa katika mtihani, lakini barazani sijamsikia mtu akimpendekezea mwenziwe.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Twalalamika kila siku kuwa wabara wameichukua lugha yetu na kuiharibu. Basi na tuulizane, nani anayeyafungua maandishi ya Salim bin Abakari? Kitabu kikongwe hakina mpiga debe. Kisipotajwa na aliyekisoma, duka haliagizi, mchapaji hapigi chapa tena, na nakala chache zilizobaki huliwa na mchwa masandukuni mwetu, tukiogopa kuwa tukiviazima vitabu havirudi. Dawa ya hofu hiyo nimeiona Kisii: daftari moja na kalamu.

Yeyote mwenye baraza na aanze wiki hii, kwa kitabu kimoja tu. Nami nawaachia ubeti huu:

Ukisoma kisha pisha, usifiche sandukuni,
Kitabu chasafirisha, nawe u mwako nyumbani,
Mwenzio humwelimisha, apate nuru moyoni,
Ilimu haitoisha, ipitapo mikononi.