Indonesia: Visiwa Vingi, Lugha Moja

Mkarafuu wa Unguja na Pemba asili yake ni Maluku, visiwa vya mashariki ya Indonesia. Karafuu na kungumanga ndizo zilizowavuta Wazungu mpaka huko, na wenyeji wakazilipia kwa damu.

Indonesia ina visiwa zaidi ya 17,000, kuanzia Sumatra upande wa magharibi hadi Papua mashariki. Watu wake wanapita milioni 270, na lugha zao za asili zinazidi 700. Kuitawala nchi ya namna hiyo kwa kuwagawa watu wake kulikuwa rahisi. Kuikomboa kulitaka kitu cha kuwaunganisha.

Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki iliundwa mwaka 1602. Mwaka 1619 iliteka mji wa Jayakarta na kujenga Batavia, ndiyo Jakarta ya leo. Miaka miwili baadaye gavana wake, Jan Pieterszoon Coen, alivamia visiwa vya Banda ili kungumanga iwe mali ya kampuni peke yake. Wenyeji waliuawa, walikufa njaa au walichukuliwa utumwani, hata wakabaki wachache mno. Kampuni ilipofilisika, serikali ya Uholanzi ilishika nchi. Kuanzia 1830 wakulima wa kisiwa cha Java walilazimishwa kutoa sehemu ya mashamba na nguvu zao kwa kahawa, miwa na nili, na faida ikaenda kuijenga Uholanzi.

Watu hawakukaa kimya. Mwanamfalme Diponegoro alipigana Java kuanzia 1825 hadi 1830. Aceh, huko Sumatra, ilivamiwa mwaka 1873, na vita vyake vikachukua miongo. Lakini kila upande ulipigana peke yake, na kila upande ulishindwa peke yake.

Ndiyo maana tarehe 28 Oktoba 1928 ina uzito wake. Vijana kutoka visiwa mbalimbali walikutana Batavia wakala kiapo cha nchi moja, taifa moja na lugha moja ya umoja. Wajava ndio waliokuwa wengi kuliko kabila lolote, lakini lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kimalei, lugha ya bandarini na sokoni. Kijava kina daraja za usemi: mdogo hamsemeshi mkubwa kwa maneno anayosemeshwa naye. Kimalei hakikumkweza Mjava wala kumdhili Mbugis wa kisiwa cha Sulawesi, kikaitwa Kiindonesia. Mswahili atakielewa kisa hiki upesi, na atayatambua hata baadhi ya maneno ya Kiindonesia: *dunia*, *kabar*, *waktu*, *sabun*.

Mwaka 1942 Wajapani waliwafukuza Waholanzi. Waliwatesa watu kwa kazi za shuruti, lakini pia walipiga marufuku Kiholanzi, na Kiindonesia kikaingia ofisini na shuleni. Japani iliposalimu amri, viongozi wa kupigania uhuru, Sukarno na Mohammad Hatta, hawakungoja ruhusa. Ijumaa, 17 Agosti 1945, katika mwezi wa Ramadhani, Sukarno alisoma nje ya nyumba yake Jakarta tangazo fupi la uhuru. Bendera iliyopandishwa ilishonwa na mkewe, Fatmawati.

Waholanzi walikataa. Novemba 1945 watu wa Surabaya walipambana na majeshi ya Uingereza, mshirika wa Uholanzi, na mwaka 1947 na 1948 Uholanzi yenyewe ilishambulia, ikawakamata hata Sukarno na Hatta. Vita vya msituni na shinikizo la Umoja wa Mataifa na Marekani viliilazimisha kukabidhi mamlaka tarehe 27 Desemba 1949. Hata hivyo taifa jipya lilibebeshwa deni la guilda zipatazo bilioni 4.3, na Uholanzi ikaendelea kuishikilia Papua ya magharibi. Indonesia iliichukua mwaka 1963, na wapo Wapapua ambao mpaka leo wanasema hawakuulizwa.

Indonesia huru haikujifungia: mwaka 1955 mji wake wa Bandung ulipokea wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado chini ya wakoloni.

Uholanzi ilichelewa hadi 2023 ndipo waziri wake mkuu, Mark Rutte, alipoikubali kikamilifu tarehe ya 1945. Waindonesia walikuwa hawajawahi kuhesabu tarehe nyingine. Kila 17 Agosti, mitaani na vijijini, husimikwa nguzo ya mpopoo iliyopakwa mafuta, zawadi zikining'inia kileleni. Hakuna anayeweza kuipanda peke yake. Vijana husimamiana mabegani, huteleza, huanguka, huanza tena, mpaka mkono mmoja ufike juu.