Njia Ndefu ya Kwenda Mwezini

Januari 1990 Wajapani walirusha chombo cha anga kiitwacho Hiten, chenye uzito wa kilo zipatazo 200. Hakikutumwa kwenda kukaa Mwezini. Kazi yake ilikuwa kuizunguka Dunia kwa njia ndefu inayopita karibu na Mwezi, na kumwachia huko mwenzake mdogo, Hagoromo, auzunguke Mwezi. Mwezi Machi Hagoromo kiliachiwa kweli, lakini redio yake ilikuwa imekwishakufa na Dunia haikupata neno kutoka kwake. Kikabaki Hiten, nacho hakikuwa na mafuta ya kutosha kufunga breki mbele ya Mwezi ili kiuzunguke badala yake.

Katika habari zote za safari za anga, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na wanafunzi wangu wa fizikia hapa Tanga huisikia kila mwaka. Jambo wanalolikataa kwanza ni hili: kinachokula mafuta si umbali. Angani hakuna hewa ya kukizuia chombo. Kikishapata mwendo kinakwenda chenyewe, injini imezimwa. Mafuta huliwa pale unapotaka kubadili mwendo. Wanaanga wa Apollo walifika kwa siku kama tatu, lakini walifika mbio, wakalazimika kuwasha injini kubwa ili Mwezi uwanase. Bila hivyo wangeupita.

Edward Belbruno, mwanahisabati aliyefanya kazi katika JPL, maabara ya safari za anga huko California, na ambaye pia ni mchoraji, alishikilia kwamba chombo kinaweza kunaswa bila breki, mradi kifike polepole kwa njia inayofaa. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1990 mwenzake James Miller alimletea shida ya Hiten. Wakaikokotoa njia, wakaipeleka Japani.

Njia yenyewe inategemea hesabu za karne ya 18 za Leonhard Euler na Joseph-Louis Lagrange. Upande wa Dunia unaolielekea Jua, na upande wa pili vilevile, kiasi cha kilometa milioni 1.5 kutoka kwetu, kuna sehemu ambako mvutano wa Jua na wa Dunia kwa pamoja unatosha kabisa kukizungusha kitu sambamba na Dunia, mwaka kwa mwaka. Mimi nimekulia Lushoto. Mtu wa milimani akitaka kuvukia bonde la pili hapandi kileleni. Anatafuta pale safu inapoinama kati ya vilele viwili, na akishafika hapo hatua chache tu zinaamua atelemkie upande gani. Sehemu hizo za anga ndivyo zilivyo.

Aprili 1991 Hiten kikaishika njia hiyo, kikaenda mbali mara nne hivi ya umbali wa Mwezi, yaani karibu umbali ule ule wa sehemu hizo. Huko mvutano wa Dunia umelegea, na Jua likapata nafasi ya kuipinda njia yake taratibu, wiki baada ya wiki. Kiliporejea, mwendo wake ulikuwa karibu sawa na wa Mwezi wenyewe. Oktoba 1991 Mwezi ukakinasa kwa muda. Chombo kilichokuwa kimekatiwa tamaa kilifikishwa na hesabu, na kila nikilisema hilo darasani moyo hunisisimka.

Hata hivyo sipendi njia hii inapoitwa ya bure. Roketi inapaswa kukisukuma chombo mbele kidogo zaidi kuliko katika safari ya kawaida. Nafuu huja mwishoni, kwenye breki. Tena pale penye mwinamo kosa dogo la mwendo hukua upesi, kwa hiyo chombo hufuatiliwa na kurekebishwa njia nzima. Wanadamu nao haiwafai: miezi ya chakula, hewa na mionzi ingekula faida yote.

Mashine haili wala haichoki. Vyombo viwili vya Marekani vya GRAIL, vilivyopima mvutano wa Mwezi, vilipita njia ya namna hii kuanzia Septemba 2011 na kufika kimoja mkesha wa mwaka mpya, cha pili siku yenyewe ya mwaka mpya. Korea Kusini ilipotengeneza Danuri, uzito ulipanda kutoka kilo 550 zilizokusudiwa hadi 678, na mafuta yasingetosha kwa njia iliyopangwa awali. Wakachagua njia ndefu. Danuri kiliondoka Agosti 2022, kikaanza kuuzunguka Mwezi Desemba, na akiba ya mafuta iliyobaki ikawezesha kazi yake ya mwaka mmoja iongezwe miaka miwili, hadi kufikia 2025.