Paka wa Lamadi na Bomba la Pamba

Leo nazungumzia paka. Najua wako watakaocheka, lakini vumilieni kidogo.

Mama mmoja wa Lamadi, mji ulioko wilayani Busega kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, aliniuliza apulize dawa gani ili paka wasivamie dagaa wake aliowaanika mchangani. Jirani yake alikuwa amekwisha kumpa jibu: chukua bomba la kupulizia pamba, zungushia dawa pembeni, paka hawatarudi.

Jirani huyo anasema kweli kwa namna yake. Huenda hawatarudi kwa sababu watakuwa wamekufa.

Simiyu ni mkoa wa pamba, na dawa ya wadudu si kitu cha kutafuta mbali. Baadhi ya dawa hizo zimeundwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile linalolimwa Iringa na Mbeya. Ikiingia kidogo, mwili wa binadamu au wa mbwa huweza kuivunjavunja na kuitoa. Ini la paka limepungukiwa uwezo huo. Wala si lazima ainywe. Akiikanyaga tu, atajilamba miguu kama ilivyo desturi yake, na baada ya saa chache huanza kutetemeka na kushikwa na degedege. Udhaifu huo huo wa ini humfanya adhuriwe na zile dawa za kusafishia vyoo ambazo ukizitia majini hugeuka nyeupe kama maziwa. Na bomba likisafishwa ziwani, dawa za jamii hiyo ya pareto ni hatari kubwa kwa samaki.

Na dagaa wenyewe je? Upepo wa ziwani haujui mpaka wa kupuliza. Dagaa huliwa mzima, kichwa na tumbo, naye husafiri kwa magunia hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo wewe mkazi wa jiji uliyekuwa ukicheka, hilo ni suala la sahani yako.

Sasa, ziko harufu ambazo paka hazipendi: siki iliyochanganywa na maji, maganda ya machungwa au ya ndimu. Hazina ubaya zikitumika mlangoni. Lakini siki ikikauka harufu yake huisha, na mvua ikinyesha kazi huanza upya. Pilipili mimi siishauri. Wakulima katika wilaya kadhaa za nchi hii huisaga, huichanganya na oili chafu na kuipaka kwenye kamba ili tembo wasiingie shambani, na inasaidia ikipakwa tena na tena. Lakini tembo huinusa akageuka. Paka huikanyaga, kisha hujipangusa uso kwa mguu ule ule, akaumia macho.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba harufu hushindana na njaa. Paka aliyeshiba huweza kukwepa ganda la chungwa, lakini mwenye njaa aliyeona dagaa ataliruka. Ndiyo maana nilimwambia yule mama asahau kupuliza, atafute kichanja: miti minne, wavu juu yake, na wavu mwingine wa kufunika. Dagaa akiwa juu hukauka upesi kwa kuwa upepo unapita chini, na hachanganyiki na mchanga, ule mchanga unaotukwaruza meno. Bei yake sokoni huwa nzuri zaidi.

Akauliza: na wakipanda? Watapanda, ni paka. Kila mguu wa kichanja uzungushiwe kipande cha bati laini, kama wafanyavyo watu kwenye maghala ya mahindi kuzuia panya. Kucha hazishiki kwenye bati.