Kasuku wa Msituni na Kasuku wa Tunduni

Katika vyuo vyetu mwanafunzi anayehifadhi bila ya kufahamu huambiwa, "Umekuwa kasuku." Leo na tumtazame kasuku mwenyewe, yule wa kijivu, pale alipoumbwa kuishi, kwani wengi wetu tumemwona tunduni tu.

Kwao ni misitu ya mvua, tangu nchi za Ghuba ya Guinea, kupitia Kongo, hata Uganda na msitu wa Kakamega. Urefu wake ni kama sentimita 33. Manyoya yake ni ya kijivu, mdomo mweusi uliopinda, na mkia mwekundu usiofichika. Macho ya kinda ni meusimeusi. Akipevuka hugeuka ya manjano. Hupenda mno tunda la mchikichi, na hulishika kwa mguu kama mtu ashikavyo kwa mkono.

Ndege huyu hakuumbiwa upweke. Usiku hulala kwa makundi makubwa juu ya miti mirefu, na alfajiri hutawanyika kwa makelele na miluzi kwenda kutafuta riziki. Jike hutaga mayai 3 hadi 5 ndani ya mvungu wa mti mkubwa, akaatamia kwa siku 30 hivi, na dume ndiye amletaye chakula. Mti huo ukikatwa, hawezi kujichongea mvungu mwingine.

Na kule msituni hasemi maneno ya watu. Hujifunza sauti za wenziwe. Tunduni hana wenziwe ila sisi, basi hushika sauti zetu. Wala si kuiga kutupu. Huko Marekani, mtaalamu Irene Pepperberg alimfundisha kasuku aitwaye Alex, aliyekufa mwaka 2007, naye akataja rangi na maumbo na kuhesabu hadi 6. Mwalimu anayemtukana mwanafunzi kwa jina la kasuku amemdhulumu ndege!

Wawindaji humnasa kwa ulimbo, wakimtumia kasuku mwingine kuwaita wenziwe, na wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Nchini Ghana, utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa tangu 1992 wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Mwaka huohuo, mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaonaswa mwituni.

Huulizwa: je, kufuga ndege si halali? Maulamaa wengi wameruhusu, kwa sharti apewe chakula na maji wala asiteswe. Lakini kwa huyu, mimi naona sharti hilo ni zito kuliko tudhanivyo. Kasuku aliyeachwa peke yake huanza kujinyonyoa manyoya, moja moja, mpaka kifua kikabaki kitupu, hali kibakuli chake kimejaa mtama.