Gari ‘limechezewa’: Breki inapozima redio

UKIKANYAGA breki, redio inazima. Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ya ndani inapepesa. Asubuhi ufunguo unageuzwa, gari linatoa mlio mmoja na kunyamaza, huku watoto wameshakaa ndani na sare zao za shule.

Kwa wenye Noah zinazobeba familia na abiria kati ya Kifaru, Mwanga na Himo, au zinazopanda milima ya Upare kwenda Usangi na Ugweno, vituko hivi si vigeni. Wapo wanaosema gari limechezewa. Limechezewa kweli, ila kwa koleo na tepu: taa za ziada mbele, spika kubwa nyuma, alamu, chaja za simu kila kiti. (Spika hizo na masikio ya watoto ni habari ya wiki nyingine.)

Umeme wa gari hutoka kwenye betri kwa waya na kurudi kupitia chuma cha bodi. Hapo unaporudia mafundi hupaita ethi. Boliti ya ethi ikilegea kwa mtikisiko wa barabara za mlimani, ikishika kutu, au ikifungwa juu ya rangi, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, hata kupitia taa isiyohusika. Ndiyo maana breki inagusa redio.

Fundi makini habadilishi betri kwanza. Anawasha taa, anapima kwa mita kati ya ncha hasi ya betri na bodi. Ikizidi takriban volti 0.2, anafungua ethi na kuisugua kwa msasa mpaka chuma king’ae. Kisha anapima betri: iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma karibu volti 12.6, injini ikinguruma, kati ya 13.5 na 14.5.

Kama betri inakufa usiku, anachomoa fyuzi moja moja akiangalia ni ipi inayoshusha matumizi. Kifaa kilichosahaulika kikila ampea moja tu, ndani ya saa 24 kimeshakula 24 kati ya 60 za betri ya kawaida. Mara nyingi mwizi ni kile kilichofungwa mwisho, kwa hiyo mwambie fundi ukweli wote wa vilivyoongezwa, hata vile alivyofunga shemeji yako.

Kosa la hatari zaidi liko kwenye fyuzi. Taa mbili za wati 100 hula karibu ampea 17. Fyuzi ya 15 itakatika, na haijakosea. Mtu akiweka ya 30, au kipande cha waya, fyuzi haikatiki tena. Kinachopata moto ni waya wenyewe, chini ya zulia, miguuni pa watoto. Taa za ziada zinahitaji rilei, waya mnene na fyuzi yake, iliyofungwa karibu na betri.

Plastiki ya nyaya ikiungua hutoa gesi inayowasha macho, koo na mapafu, pamoja na kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo huivuta kwa wingi mapema, na safari za usiku humkuta amelala.

Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, weka gari pembeni, zima injini, toa watoto kwanza na wapeleke mbali na barabara. Moshi ukitoka kwenye injini, usifungue boneti. Hewa itachochea moto. Mizigo iache. Aliyeungua amwagiliwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala yai, kisha apelekwe kituo cha afya. Maji ya betri yakiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi kabla ya kutafuta usafiri. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.